Senti Nyeupe za Mzee Syahuka

Hivi wewe, umeshawahi kusimama mbele ya watu ukasema "hakuna", wakakuamini, kumbe kitu kipo, tena chini ya mguu wako mwenyewe? Kama hujawahi, kaa nikusimulie. Kama umewahi, kaa vilevile, tutasaidiana kubeba.

Mimi ni Loyi, Mama Kellen, mke wa Tefiro, wa hapa Bwera, Uganda, jirani na mpaka wa Kongo. Shule niliishia darasa la sita, lakini macho yangu yalikuwa makali, na kitu kidogo kilichoanguka chini sikukipita. Pengine ndiyo sababu nikaingia katika kazi ile ya kutafuta sarafu.

Mashini yangu ya kwanza alinitengenezea Philippe, mwaka wa 1968. Philippe alikuwa mkimbizi kutoka Butembo, mtengenezaji wa redio, meza yake ilikuwa gulioni Mpondwe, karibu na wauza samaki wakavu. Alichukua ungo wa kupepetea maharage, akazungushia ukingoni nyaya nyembamba za shaba alizozitoa kwenye transfoma iliyoungua. Akaufunga ule ungo kwenye mpini wa jembe, na juu ya mpini akafunga redio ndogo ya betri mbili. Ukiwasha redio, inapiga mluzi mwembamba kama mbu. Ungo ukipita juu ya chuma chochote, mluzi unakuwa mnene, kama mbu amegeuka nyuki.

Ungo haukuchagua. Msumari, kizibo cha soda, kifungo cha koti, sarafu, vyote vililia sawasawa. Tena ulifika chini vidole vinne tu, basi. Kesho yake ya gulio, asubuhi, wakati wenzangu wanakwenda kupalilia, mimi nilikwenda kwenye lile vumbi lililokanyagwa, nikawa napepeta hewa. Nilichimba kila kilicholia. Kwa vizibo ishirini nilipata sarafu moja. Nyingi zilikuwa senti kumi nyekundu, zile zenye tundu katikati. Mara mojamoja nilipata shilingi ya zamani yenye simba, ambayo ilikuwa na fedha ndani yake, na wafanyabiashara wa Kongo waliinunua kuyeyusha hereni. Zilikuwapo pia senti kumi nyeupe, za zamani zaidi, za kabla ya zile nyekundu. Hizo hazikuwa na soko. Nilizitupia kwenye kopo la majani ya chai, watoto wachezee.

"Mama Ungo!" wanawake waliniita wakipita na majembe. "Leo umepepeta nini? Misumari ya kuunga mchuzi?"

"Ya kukushonea mdomo," niliwajibu, tukacheka. Lakini kicheko chao kilibaki nami mpaka nyumbani. Nilikuwa natafuta mali kwa chombo cha jikoni, na kila mtu aliliona hilo.

Mwaka wa 1975 Tefiro alikuwa kazini stesheni ya reli Kasese, akipakia marobota ya pamba. Akaja na habari kwamba Mzungu mmoja wa mgodini anarudi kwao na anauza kila kitu, na katika vitu hivyo imo mashini kama yangu, ila ya kiwandani. Sikulala vizuri wiki nzima. Nikauza mbuzi watatu. Nikachukua soksi yangu yenye zile shilingi za simba, zote nilizokusanya kwa miaka saba, nikapanda lori mpaka Kasese.

Aliyeniuzia alikuwa mpishi wa Mzungu, jina lake Blasio, mtu mwenye maringo kuliko bwana wake. Alinitandikia vitu kwenye majani: sarafu nne, msumari, kizibo, karatasi ya sigara ile ya kung'aa. Akanivisha vikombe vya masikioni vya kuisikilizia mashini.

"Sasa sikiliza, mama. Ukiacha hiki kifungo mwanzo, inalia kwa kila kitu, kama mbwa mjinga. Ukikizungusha mpaka hapa..." Akanionyesha nukta nyekundu. Bibi wa Mzungu alikuwa ameitia kwa rangi ya kucha. "Ukifika hapa, takataka zote zinanyamaza. Inasema mali tu."

Nikajaribu. Juu ya kizibo, kimya. Juu ya msumari, kimya. Juu ya sarafu, kitu kikaimba masikioni mwangu, sauti safi, kama kijiko kikigonga glasi. Ikaimba hata Blasio alipoizika sarafu kina cha kiganja na nusu. Mwenzangu, nilitaka kulia. Nikaweka kifungo kwenye ile nukta nyekundu, na hapo kikakaa. Sikukigusa tena.

Nyumbani ule ungo wa Philippe niliuning'iniza bandani. Kamba ikakatika, ungo ukaanguka juu ya majani makavu, kuku wangu mwekundu akaingia humo akataga. Nikamwacha. Kwa mashini mpya niliokota sarafu kumi kwa kizibo kimoja. Hakuna aliyeniita Mama Ungo tena. Watu waliopoteza vitu walikuja mpaka mlangoni, na wakisema jina langu walilisema taratibu.

Sasa nije kwa Elise.

Elise, Mama Martine, alikuwa jirani yangu. Alivuka mpaka mwaka wa 1964 pamoja na mumewe Xavier, wakati wa vita kule Kongo, wakiwa na godoro moja na picha ya Bikira Maria iliyopasuka kioo. Baba mkwe wangu, mzee Syahuka, aliwapenda kwa sababu Xavier alijua kuchonga mizinga ya nyuki. Akawapa shamba. Upande wa juu ulikuwa mawe matupu. Upande wa chini, karibu na kijito, ndiko ndizi zilikokubali. Mzee alikuwa na desturi yake ya kugawa ardhi. Alipanda masale mpakani, kama wengine wote, lakini kabla ya kupanda alizika kitu chini ya mmea, mbele ya anayepewa. Masale yanaweza kung'olewa, alisema, lakini mwizi wa mpaka hajui kuchimba chini zaidi. Siku ile, kwenye mpaka wa chini, alizika sarafu saba za senti kumi nyeupe, zimetungwa kwenye kamba ya katani. Waliokuwapo ni yeye, Xavier na Elise.

Xavier alikufa. Mzee Syahuka naye akafa. Halafu mwaka wa 1976, mvua za Machi zilipokaribia, shemeji yangu Baluku, ndugu wa Tefiro, akasema baba yake alitoa ule upande wa mawe tu, na ndizi za chini ni za ukoo. Masale ya mpaka wa chini hayakuwapo tena. Nani aliyeyang'oa simjui, na tangu siku ile sisemi nisichokijua.

Elise akaenda kwa chifu wa muluka, yaani kata yetu, akaeleza habari ya senti saba. Chifu akauliza, "Nani anaweza kuona chini ya udongo?" Watu wote wakanitazama mimi.

Nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Niliamka alfajiri, nikaipangusa mashini kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, nikavaa gomesi, lile gauni langu refu la zambarau nililolivaa harusi ya dada yangu. Kwa kutafuta senti shambani! Nilipofika, watu walikuwa wamejaa kama kwenye mnada. Baluku amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Philippe yupo, na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Elise amesimama mahali anapokumbuka masale yalikuwapo, kati ya migomba miwili, mikono ameifunga kifuani.

Akanisogelea, akasema polepole, "Mama Kellen, leta na kale kadogo. Ile ya ungo. Ile iko inalia kwa kila kitu."

"Ile ni ya vizibo, Mama Martine. Kuku anaatamia."

Watu wakacheka.

"Kuku anaweza kutoka," Elise akasema.

"Mwache mtaalamu afanye kazi," Baluku akasema toka kwenye kinu chake.

Philippe naye akainama, akaichungulia mashini yangu kama anavyochungulia redio ya mtu. "Iyi kifungo iko inafanya nini?"

"Inanyamazisha takataka."

"Na mashini inajuaka namna gani kama kitu iko takataka?"

Ningenyamaza hapo nikafikiri, hata kwa muda wa kumeza mate, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini nilihisi ametia mkono kwenye chungu changu. Nikamjibu, "Inajua kuliko redio zako zinazoimba siku moja na kulia wiki." Kicheko kikapasuka. Mwanamke mmoja alijipiga mapaja. Philippe akarudi nyuma, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Nikavaa vikombe vya masikioni. Nikapita. Nilipita kutoka mgomba mpaka mgomba, hatua nusunusu, kama ninavyofanya siku zote, mashini nikiishusha mpaka iguse majani. Nikapita tena kwa kukata msalaba. Ikaimba mara moja. Nikachimba, ikawa senti kumi nyekundu, moja, ya juujuu, imeangushwa tu. Baada ya hapo, kimya. Nilisimama palepale Elise aliponionyesha, unyayo wangu wa kulia juu ya mahali penyewe. Nimesimama pale mbele ya watu mara mbili katika maisha yangu, na hii ndiyo ya kwanza.

Chifu akauliza, "Mama Kellen, unasemaje?"

Ningeweza kusema mashini haikusikia. Ningeweza kusema sijui. Nilivua vile vikombe, nikavining'iniza shingoni kama daktari, nikasema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie:

"Hapa hakuna kitu. Kama senti zingekuwapo, mashini hii ingeziimba. Aliyesema zipo ametunga."

Chifu akakubali. Nani angebisha na mashini ya Mzungu?

Elise hakulia, wala hakunitukana. Alinitazama miguu. Nilidhani anatazama viatu vyangu, nikaona fahari, maana vilikuwa vipya.

Upande wa mawe haukuweza kulisha watoto. Kabla ya mwezi kwisha akafunga godoro. Asubuhi aliyoondoka alipita kwangu, akanirudishia sufuria aliyoiazima kwangu kwenye msiba wa Xavier. Ilikuwa imesuguliwa kwa majivu mpaka ikang'aa, nje na ndani, hata kwenye mikono. "Asante, Mama Kellen," akasema, akaenda. Nilisikia amekwenda Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi.

Wiki ileile Baluku aliniletea mkungu wa ndizi kutoka lile shamba. Nikapika. Tukala. Nasema tukala, nami nikaomba nyongeza.

Ulipita mwaka mmoja na nusu na ushei. Betri zilikuwa haba siku hizo, nchi nzima ilikuwa haba, sabuni haba, chumvi yenyewe ghali, na mtu mwenye mashini ya vikombe masikioni aliogopa kupita mbele ya askari asiulizwe anasikiliza redio ya nani. Kwa hiyo mashini ilikaa chini ya kitanda miezi mingi. Siku moja mchana, Novemba ya 1977, mvua ikinyesha, nikaitoa niitazame kama betri hazijavuja. Kopo la majani ya chai lilikuwa karibu. Nikamwaga sarafu za watoto kwenye mkeka, nikawa nachezea tu, nazipitisha moja moja mbele ya sahani yake ya chini inayonusa chuma.

Nyekundu: ikaimba. Nyekundu nyingine: ikaimba. Senti hamsini: ikaimba vizuri kabisa. Nyeupe: kimya.

Nikadhani sikuisogeza karibu. Nikaigusisha. Kimya. Nikachukua nyeupe nyingine, na nyingine, kopo lilikuwa nazo tisa. Zote tisa, kimya, kama napitisha kokwa za parachichi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kifungo, ukakirudisha nyuma kutoka kwenye rangi ya kucha. Ile senti nyeupe ikaimba mpaka nikaitupa.

Niliketi pale mkekani mpaka mvua ikakoma. Maswali ya Philippe niliyasikia upya, moja moja. Mashini haikujua takataka ni nini. Iliambiwa tu, na bibi wa Mzungu, ambaye huko alikookota sarafu zake hakuwahi kuhitaji senti kumi ya babu yangu yeyote.

Kesho yake alfajiri, kabla ya Baluku kuamka, nilikwenda na mashini na kijembe cha kupalilia. Migomba miwili ilikuwapo bado. Nikaweka kifungo mwanzo. Sikuhitaji kupita mara mbili. Nilichimba kina cha kiganja, nikakuta ya kwanza. Kamba ya katani ilikuwa imeoza, zimelala zimetawanyika kidogo, kila moja na udongo umejaa kwenye tundu lake. Nikahesabu. Saba. Shimo lilikuwa na upana wa unyayo, na unyayo ulikuwa wangu.

Sasa hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, wewe usidhani nimeshaimaliza. Kukosea kwa kutojua, mtu husamehewa. Mimi nilijua tangu Novemba, nikanyamaza mpaka Machi. Nilizifunga senti kwenye kitambaa, nikazificha ndani ya ile sufuria iliyosuguliwa, juu ya kabati. Sikumwambia Tefiro. Baluku sikumwogopa; Baluku ni mtu wa kelele tu. Niliogopa kuchekwa. Niliogopa yule mwanamke aliyejipiga mapaja, atajipiga tena, na safari hii kicheko ni changu. Niliogopa kuitwa Mama Ungo. Kwa jambo hilo dogo nikamwacha mwanamke mwenzangu akipika bila ndizi kwa miezi minne mizima. Nilipoishusha sufuria nipike, zililia ndani, klin, klin, na kila mara nikasema nitakwenda Jumatatu.

Iliyonitoa ni Kellen, binti yangu. Alirudi kutoka gulioni, akasema, "Mama, nimemwona Martine anauza chumvi. Ana kidonda mguuni, kikubwa hivi. Aliniamkia vizuri." Ndivyo alivyosema, aliniamkia vizuri. Usiku huo niliishusha sufuria, nikakitoa kile kitambaa.

Nikapanda lori la chumvi mpaka Kabatoro. Jua la kule ni jingine, na ziwa linanuka kama yai viza. Nilimkuta Elise ukingoni, ndani ya maji ya chumvi mpaka magotini, akisomba na wenzake. Alikuwa amekonda. Miguu yake ilikuwa na mabaka meupe, ngozi imechunika kwenye vifundo. Aliniona, akatoka majini bila haraka, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama Kellen. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kaa. Maji ya kunywa iko, ila iko ya moto."

Nikakaa juu ya gunia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu Kisinga. Nikafungua kile kitambaa, nikakitandika chini.

Elise alizitazama. Hakuzihesabu. Aliokota moja, akaitoa udongo tunduni kwa ukucha, akaiweka mbele ya jicho, akanitazama kwa lile tundu.

"Zilikuwaka wapi?"

"Pale pale."

"Pale nilikuonyeshaka?"

"Pale. Chini ya mguu wangu."

"Miye niliona," akasema. "Niliona mguu yako, nikasema mu roho, huyu mama anasimama juu ya Xavier na mzee, na hasikie."

Nikamweleza habari ya kifungo, ya rangi ya kucha, ya sarafu tisa za watoto. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Nikamweleza na miezi minne. Ilikuwa rahisi kuiruka, hakuna aliyejua, lakini niliisema. Hapo ndipo alipogeuza uso ukaelekea ziwani.

"Nitakuletea mbuzi," nikasema. "Nina wawili."

"Apana."

"Chukua mashini basi. Uiuze."

Akacheka, cheko fupi. "Nifanye nayo nini? Inyamazishe bamama ba chumvi?"

"Nitamwandikia chifu. Naandika vizuri, wajua. Nitaandika yote, nitie na senti ndani ya bahasha, atakurudishia shamba. Baluku hatakuwa na la kusema. Utarudi kimya kimya, bila kelele."

Elise akazikusanya zile senti saba, akazirudisha kwenye kitambaa, akakifunga fundo, akakisukuma mpaka gotini kwangu.

"Kimya kimya weye ndiye unaitaka," akasema. "Weye umekuja na mbuzi, na mashini, na barua, lakini hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa. Mama Martine, unataka nini?"

Alikuna kidonda cha kwenye kifundo, akaona damu, akaacha. Wenzake walimwita majini, akawapungia mkono wasubiri.

"Shamba nitaichukua, iko yangu," akasema. "Lakini miaka mbili yote hii, kila nikiinama mu ile maji, ninasikia bale batu banacheka. Martine akienda Bwera kuuza, banamuita mutoto wa mama wa bongo, mama wa uongo. Chifu hawezi kutoa ile kicheko na karatasi. Miye nataka weye urudi pale kati ya migomba, asubui, na batu bote balikuwaka, na Baluku iko, na Philippe iko. Uvae ile nguo ya zambarau. Ulete ungo, kuku atoke. Usimame pale pale ulisimama, na useme kwa nguvu hata ba nyuma basikie: Elise alisema kweli."